Tawi la Mbali na Kumbukumbu Yake: Dhana, Istilahi na Skripti katika Udhibiti wa Matoleo

Utangulizi

Mwaka 1850 Johann Ludwig Krapf alichapisha huko Tübingen, Ujerumani, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwa miongoni mwazo. Mwaka uliotangulia alikuwa amesafiri kutoka Rabai, karibu na Mombasa, hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani ambaye misafara yake ilikuwa ikiteremka pwani. Katika enzi hiyo, aliyekaa Rabai hakuijua Kitui ya leo; aliijua Kitui ya msafara wa mwisho. Kama msafara uliondoka bara wiki tatu zilizopita, basi habari zake zilikuwa na umri wa wiki tatu, hata kama msimuliaji alizisimulia kwa kitenzi cha wakati uliopo.

Tofauti hiyo, baina ya mambo yalivyo kule na mambo yanavyojulikana hapa, ndiyo kiini cha makala haya. Inahusu dhana moja ya kompyuta ambayo wanafunzi wa Kiswahili wameanza kukutana nayo bila kuandaliwa, yaani tawi linaloweka alama ya hali ya tawi jingine lililo mbali, katika mifumo ya udhibiti wa matoleo. Yamkini msomaji atajiuliza mada hii inaingiaje katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za lugha zinazofanywa kwa kompyuta huhifadhiwa katika mifumo hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Watafiti wa Masakhane, mtandao ulioanza mwaka 2019, walitoa mwaka 2021 data ya majina maalumu katika lugha kumi za Kiafrika, Kiswahili na Kijaluo zikiwemo, kupitia hazina ya wazi ya aina hiyohiyo. Kikamba hakikuwamo. Anayetaka kiwemo katika kazi za namna hiyo siku zijazo hana budi kujua hazina hizo zinavyofanya kazi na zinavyoweza kumpotezea kazi yake.

Ili maelezo yasielee hewani, makala haya yatatumia mfano wa kubuni. Tuchukulie wanafunzi wawili wanaotayarisha faharasa ya Kikamba na Kiswahili. Mmoja anaishi Kwa Vonza katika Kaunti ya Kitui, palipo na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mwenzake anaishi Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Wote wawili ni wasemaji wa Kikamba, lakini Kikamba cha Kitui na kile cha upande wa Machakos na Makueni hutofautiana katika msamiati na matamshi. Kila mmoja ana kompyuta yake, na hazina ya pamoja iko katika seva ya mbali ambayo wameipa jina la kituo.

Hazina, rekodi na tawi

Mfumo wa udhibiti wa matoleo ni programu inayotunza historia ya faili: nani alibadili nini, lini, na kwa maelezo gani. Unaotumika zaidi ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Sifa yake kuu ni kwamba kila anayenakili hazina hupata historia nzima, si kurasa za mwisho tu. Mwanafunzi wa Wote anaweza kuongeza maingizo, kurudi nyuma hadi siku ya kwanza na kulinganisha matoleo, bila kuwa na intaneti hata kidogo. Intaneti inahitajika tu wakati wa kupelekeana.

Kila badiliko linalohifadhiwa huwa rekodi. Rekodi hutambuliwa kwa namba ndefu, kwa kawaida yenye tarakimu na herufi 40, inayotokana na yaliyomo ndani yake pamoja na rekodi iliyoitangulia. Kwa hiyo haiwezekani kubadili rekodi ya zamani kimyakimya: ukiigusa, namba yake inabadilika, na namba za zote zilizofuata zinabadilika.

Tawi ni dhana nyepesi kuliko jina lake. Mtu akisikia tawi hufikiri juu ya kitu kinene chenye majani, kilichoota kutoka kwenye shina. Katika Git, tawi ni kibao tu chenye jina, kilichotundikwa juu ya rekodi moja. Rekodi mpya ikiongezwa, kibao kinahamishwa na kutundikwa juu yake. Kufuta tawi ni kung'oa kibao. Rekodi zenyewe hubaki kwa muda. Wanafunzi wetu wana tawi moja kuu, nao wameliita kuu.

Matawi matatu yenye jina moja

Hapa ndipo utata unapoanza. Mwanafunzi wa Wote anapozungumza juu ya kuu, huenda anakusudia kitu kimoja kati ya vitatu.

Kipo kuu cha kwake, kibao kilicho katika kompyuta yake, ambacho yeye mwenyewe hukisogeza kila anapohifadhi kazi. Kipo kuu cha kituo, kibao kilicho ndani ya seva, ambacho husogea pale yeyote kati yao anapopeleka kazi. Na kipo cha tatu, kinachoandikwa kituo/kuu. Jina lake lina neno kituo, lakini chenyewe hakiko kituoni. Kiko katika kompyuta ya Wote. Ni kumbukumbu ya mahali kibao cha kituo kilipokuwa mara ya mwisho kompyuta ya Wote ilipozungumza na seva.

Kibao hiki cha tatu hakisogezwi kwa kazi ya mwenye kompyuta. Kwa matumizi ya kawaida husogea anapoleta habari kutoka kituoni kwa amri ya «git fetch», anapovuta kwa «git pull», ambayo ndani yake ina kuleta na kuunganisha, au anapofaulu kupeleka kazi yake kwa «git push», kwa kuwa hapo mfumo unajua kwa yakini kituo kimepokea nini. Nje ya nyakati hizo kinakaa palepale. Mwenzake wa Kwa Vonza anaweza kupeleka maingizo sitini asubuhi na mengine arobaini jioni, na kituo/kuu cha Wote kisitikisike.

Matokeo yake ni kwamba amri ya «git status», inayotegemewa na wengi, inaweza kumwambia mwanafunzi wa Wote kwamba yuko sawa kabisa na kituo/kuu hali amebaki nyuma kwa rekodi mia. Mfumo haujasema uongo. Umemwambia kwamba yuko sawa na kumbukumbu yake mwenyewe.

Suala la istilahi

Kwa Kiingereza dhana hii huitwa kwa jina lenye maneno matatu ambayo, yakifasiriwa neno kwa neno, hutoa kitu kama tawi la ufuatiliaji wa mbali. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili, na zote zinatoka katika Kiswahili chenyewe.

Kwanza, kirai hicho kina utata wa kimuundo. Je, kilicho mbali ni tawi au ni ufuatiliaji? Kihusishi cha -a unganifu hakimwambii msomaji. Atakayechukua maana ya kwanza ataamini kwamba kituo/kuu kiko kwenye seva, ambalo ndilo kosa lenyewe tunalotaka kumwepusha nalo.

Pili, na hili ni zito zaidi, ni kitenzi. Fuata ni kwenda nyuma ya kitu. Fuatia kimeongezewa kiambishi cha kutendea, na fuatilia kimekirudia kiambishi hicho. Urudufu wa namna hii katika Kiswahili mara nyingi huleta maana ya kushikilia tendo bila kuacha. Polisi anayefuatilia kesi hailazi. Mzazi anayefuatilia masomo ya mtoto huuliza kila siku. Sasa tawi tunalolizungumzia halifanyi lolote kati ya hayo. Halimwulizi mtu. Limenyamaza mpaka liamshwe kwa amri. Kuliita la ufuatiliaji ni kulipa sifa ya bidii lisiyokuwa nayo, na mwandishi wa skripti anayelielewa kwa jina hilo atalitegemea kama mlinzi asiyelala.

Jina linalofaa zaidi ni tawi-kumbukumbu. Neno kumbukumbu limezoeleka katika Kiswahili cha ofisi kwa maandishi ya kikao: kumbukumbu za mkutano husema nini kilikubaliwa siku ile, na hakuna mjumbe anayezisoma akidhani zinamweleza kinachojadiliwa leo. Ulinganifu huo unasaidia sana. Mtu anaweza kudai kwamba neno hili tayari lina kazi nyingi, kwani tuna pia kumbukumbu ya kompyuta na kumbukumbu za mashujaa. Hoja hiyo ina uzito wake kwa upande wa usahihi, ambao ni miongoni mwa vigezo vya uundaji istilahi vinavyojulikana kwa kifupi cha PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na K. B. Kiingi. Hata hivyo, katika uwazi na iktisadi, tawi-kumbukumbu inaipita ile tafsiri sisisi, na uwazi ndio unaohitajika pale ambapo kutoelewa kunafuta kazi ya mtu.

Kwa ajili ya mpangilio, tawi la kwake mtu ambalo limeunganishwa na tawi fulani la kituo linaweza kuitwa tawi fuasi, na lile linalofuatwa likaitwa tawi chanzo. Wataalamu wa Kiingereza nao huyachanganya haya, kwa kuwa kitenzi kilekile cha kufuatilia hutumika kwa tawi fuasi na kwa tawi-kumbukumbu. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko huo.

Skripti na kumbukumbu

Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akiona jambo lisiloeleweka husita. Skripti haisiti. Ni orodha ya amri zilizoandikwa mara moja ili zitekelezwe mara nyingi, mara nyingine usiku, bila mtu kutazama. Mwanafunzi wa Wote ameandika skripti inayofanya kazi kila jioni: inalinganisha tawi lake na kituo, inaunganisha yaliyo mapya, inatengeneza kitabu cha faharasa kwa ajili ya kuchapwa, kisha inapeleka matokeo kituoni. Skripti za namna hii ni nzuri, na mwenye kazi nyingi hana budi kuwa nazo. Zinaharibika katika mahali pachache panapojulikana.

Pa kwanza ni kusahau kuleta habari kabla ya kulinganisha, au kuleta bila kuangalia kama kuleta kumefaulu. Mtandao ukikatika, «git fetch» hushindwa na kurudisha alama ya kushindwa, lakini skripti isiyoambiwa la kufanya huendelea na mstari unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea, ikilinganisha na kumbukumbu ya juzi. Mistari miwili ya kwanza ya skripti inayojiheshimu ni hii:

git fetch --prune kituo || exit 1
git rev-list --left-right --count kuu...kituo/kuu

Mstari wa kwanza unasema: leta habari za kituo, na ukishindwa, acha kazi. Wa pili unatoa namba mbili. Ya kushoto ni idadi ya rekodi zilizo katika kuu ya hapa ambazo kumbukumbu haina. Ya kulia ni zile ambazo kumbukumbu inazo na hapa hazipo. Sufuri na sufuri maana yake pande zote ni sawa. Kushoto kukiwa na namba na kulia sufuri, kuna kazi ya kupeleka. Kulia kukiwa na namba na kushoto sufuri, kuna kazi ya kupokea, na «git merge --ff-only kituo/kuu» inatosha. Namba zikiwa pande zote mbili, historia zimeachana. Hapo skripti inapaswa kusimama, kwa sababu itakayoelezwa.

Pa pili ni kusoma maneno badala ya alama. Waandishi wengi wa skripti huchukua ujumbe wa «git status» na kutafuta ndani yake kirai fulani cha Kiingereza. Tangu toleo la 1.7.9 la mwaka 2012 ujumbe wa Git unaweza kutafsiriwa katika lugha nyingine, nao hutolewa kwa lugha iliyowekwa katika kompyuta ya mtumiaji. Skripti iliyofundishwa kutafuta maneno ya Kiingereza hupofuka siku kompyuta inapowekwa Kifaransa. Kwa wanaotamani kuona ujumbe huo kwa Kiswahili, hili si jambo dogo: kila skripti inayosoma maneno ni kikwazo kwa tafsiri. Ujumbe umeandikwa kwa ajili ya watu, na unaweza kubadilishwa wakati wowote. Kwa skripti kuna amri nyingine, kama «git for-each-ref» na «git rev-parse», ambazo majibu yake yamekusudiwa kusomwa na mashine.

Pa tatu ni marehemu wanaoendelea kusalimiwa. Wanafunzi wetu walikuwa na tawi la msamiati kituoni, wakalifuta walipomaliza. Kufutwa kwake kituoni hakukufuta kumbukumbu yake katika kompyuta ya Wote. Kwa hiyo kituo/msamiati bado linaonekana katika orodha, na skripti inayopita kila tawi italishughulikia kila jioni. Baya zaidi, mwanafunzi wa Kwa Vonza akianzisha tawi jipya liitwalo msamiati/mimea, kuleta habari kutagoma, kwa kuwa kwa kawaida jina moja haliwezi kuwa faili na folda kwa wakati uleule. Neno «--prune» katika mstari ulioonyeshwa hapo juu lipo kwa ajili hiyo: huondoa kumbukumbu za matawi ambayo kituo hakinayo tena.

Lipo na jambo la nne, ambalo vitabu vya kompyuta vilivyoandikwa kwa lugha nyingine hulipita. Kikamba kina irabu saba, na mbili huandikwa kwa alama juu, ĩ na ũ. Herufi ũ inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama herufi moja kamili, au kama u ikifuatwa na alama yake. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa Git ni vitu viwili. Faili la mũndũ lililoandikwa Kitui na lile la mũndũ lililoandikwa Makueni yanaweza kukaa pamoja katika folda moja kama pacha wasiofahamiana, na skripti ikaripoti mabadiliko ambayo hakuna anayeyaona. Dawa ni kukubaliana njia moja tangu siku ya kwanza. Aidha, neno kĩw'ũ, yaani maji, lina kibainishi cha juu ambacho kwa mfasiri wa amri wa kompyuta ni alama ya kufungua au kufunga nukuu. Wanaodhani hili ni tatizo la Kikamba peke yake wajaribu kupitisha ng'ombe katika skripti isiyoandaliwa.

Kupeleka kwa nguvu

Yote yaliyotajwa mpaka hapa husumbua bila kuangamiza. Kinachoangamiza ni nguvu.

Kwa kawaida, mwanafunzi wa Wote akipeleka kazi hali kituo kina rekodi ambazo yeye hana, kituo hukataa. Kukataa huko ni ulinzi. Lakini skripti iliyokataliwa saa nne usiku humwacha mwandishi wake bila kitabu asubuhi, na asubuhi hiyo mwandishi hutafuta namna ya kuizuia isikataliwe tena. Anachokipata upesi ni neno «--force». Akiliongeza, kituo hakitakataa kamwe. Kibao cha kuu kitang'olewa kilipo na kutundikwa pale Wote inapotaka, na maingizo sitini ya Kwa Vonza yatakuwa hayana kibao.

Je, yamepotea? Bado, kwa kuwa mwanafunzi wa Kwa Vonza anayo katika kompyuta yake. Hata hivyo, naye ana skripti. Skripti nyingi za kupokea kazi huleta habari kisha hutumia «git reset --hard kituo/kuu», zikikusudia kuifanya kompyuta ifanane na kituo bila maswali. Mpangilio wa kawaida wa Git huruhusu tawi-kumbukumbu kurudi nyuma iwapo kituo kimerudi nyuma, na ingawa mfumo huandika mstari mmoja kutaarifu kwamba kibao kimesogezwa kwa nguvu, usiku hakuna anayeusoma. Hivyo skripti ya Wote inafuta kituoni, na skripti ya Kwa Vonza inapokea ufutaji huo nyumbani. Watu wawili, hakuna aliyefuta kitu kwa mkono wake. Kinachobaki ni daftari la ndani la nyendo za vibao, ambalo kwa kawaida hutunza rekodi zisizofikika tena kwa siku 30. Mtu akigundua siku ya 40, huenda asikute kitu.

Tangu mwaka 2013, katika toleo la 1.8.5, ipo njia ya upole: «--force-with-lease». Maana yake ni hii: sukuma kwa nguvu, lakini ikiwa tu kituo bado kipo pale kumbukumbu yangu inaposema kipo. Kama kuna aliyepeleka kitu katikati, acha. Wengi waliipokea kama tiba kamili. Si tiba kamili, na sababu yake ni ya dhana hiihii tunayoijadili. Ulinzi huo unalinganisha kituo na tawi-kumbukumbu. Ikiwa kuna programu nyingine inayoleta habari nyumanyuma kila baada ya dakika chache, kama programu kadhaa za kuandikia msimbo zinavyoweza kufanya, basi tawi-kumbukumbu litakuwa limesogea na kuzijua zile rekodi sitini, ingawa hakuna mtu aliyezitazama wala kuziunganisha. Skripti itauliza: kituo kipo pale ninapokumbuka? Jibu litakuwa ndiyo. Na itafuta.

Kwa maneno mengine, kumbukumbu mpya inaweza kuwa ya hatari kuliko kumbukumbu ya zamani, iwapo mwenye nayo hajaisoma. Katibu aliyepokea barua na kuiweka kabatini hajajua kilichomo, ijapokuwa kitabu cha ofisi kinaonyesha imefika. Skripti inayotaka kutumia nguvu kwa haki haina budi kuandika kando namba ya rekodi iliyoiona kwa kweli mwanzoni mwa kazi, na kuitaja: «--force-with-lease=kuu:$iliyoonwa». Toleo la 2.30 la mwishoni mwa mwaka 2020 liliongeza «--force-if-includes», linalodai kwamba yaliyoletwa yawe yameingizwa kwanza katika historia ya tawi la hapa. Kwa hazina ya faharasa, hata hivyo, ushauri ulio bora ni kuondoa nguvu kabisa. Msimamizi wa seva anaweza kuweka «receive.denyNonFastForwards», na kituo kikakataa kurudishwa nyuma na yeyote.

Nani anachagua neno

Inafaa kuuliza ni kitu gani hasa kilichofutwa katika mfano wetu. Kama ni mistari ya programu, mwandishi ataiandika tena. Katika faharasa, rekodi sitini za Kwa Vonza ni maneno ya Kitui, pengine yaliyokusanywa kwa wazee ambao si rahisi kuwarudia. Na kilichobaki baada ya nguvu ni maneno ya upande mmoja. Faharasa itachapwa, wasomaji wataipokea kama Kikamba, na hakuna atakayejua kwamba uchaguzi ulifanyika.

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili wanajua kwamba mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaendeleza uamuzi huo. Watetezi wa Kimvita hawajaacha kulalamika, na wana haki ya kulalamika, kwa sababu wanajua nani aliamua, wapi, na mwaka gani. Skripti inayosukuma kwa nguvu saa nne usiku hufanya usanifishaji usio na mkutano.

Ndiyo sababu skripti inapokuta namba pande zote mbili inapaswa kusimama. Git inaweza kuunganisha yenyewe pale ambapo mmoja ameongeza mimea na mwingine ameongeza mifugo. Haiwezi kuamua pale ambapo ingizo la maji lina kĩw'ũ katika nakala moja na neno jingine la kwao katika nakala ya pili. Itatia alama mahali pa mgongano na kungoja. Skripti nzuri hapo huandika namba ya rekodi ya kila upande, huwapelekea wote wawili ujumbe mfupi kwa lugha wanayoielewa, na kuondoka bila kugusa kituo.

Kisha wanafunzi hupigiana simu. Mara nyingi hugundua kwamba hakuna haja ya kuchagua: ingizo moja linapokea maneno yote mawili, kila moja likiwa na kifupisho cha upande wake, Kit. na Mak., kama kamusi zinavyofanya kwa lahaja. Mmoja wao anaunganisha kwa mkono, anaeleza katika rekodi kwa nini, na kupeleka kituoni bila nguvu. Jioni ya siku hiyo skripti ya Wote inaleta habari, inahesabu, na kupata sufuri upande wa kushoto.